Sista, mbona dripu ya baba hamuongezi?

Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba hamna asiyeijua, ile ukifungua mdomo moshi unatoka utadhani umemeza jiko la mkaa. Nipo zamu ya usiku ICU, saa sita kasoro hivi, najaza chati huku nimejifunga kitenge miguuni, nasikia mlango unagongwa taratibu. Nafungua, kijana kavaa koti kubwa na gambuti zina matope, kakumbatia mfuko kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo sista. Nimeleta hizi."

Nachungulia kwenye mfuko, chupa mbili za maji ya dripu ya Ringa, za nusu lita nusu lita, na risiti ya duka la dawa juu yake.

"Marahaba. Za nani hizi?"

"Za mzee wangu, kitanda cha tatu. Yake imeisha toka saa nne na hamjamtundikia nyingine, nikajua zimewaishia mnaona aibu kuniambia. Huyu wa kitanda cha pili mmeshamwekea tano, mzee wangu tatu tu."

Kumbe mwenzangu kasimama kwenye kioo masaa mawili anahesabu chupa!

Sikumcheka jamani, maana swali lake ndo swali ambalo hata sisi wenyewe wa kazi hii tumeligombania miaka na miaka, na mimi kuna kipindi nilikuwa upande wake kabisa, upande wa mimina tu mpaka presha ipande.

Nianze na mzee mwenyewe. Mkulima wa viazi kutoka milimani huko Umalila, miaka sabini na kitu, mwembamba, uzito tulikadiria kilo 60 maana kwenye mizani asingeweza kusimama. Ana tezi dume, mkojo ulikuwa unambana siku kadhaa anatoa matone, ikaja homa na kutetemeka, nyumbani wakajua malaria wakampa dawa mseto, siku ya nne akaanza kumwita kaka yake aliyefariki zamani, ndo wakaona hapana, wakakodi gari. Tumempokea saa mbili usiku tunapokabidhiana zamu. Presha 78 kwa 40, mapigo 124, anahema mara 28 kwa dakika, mikono ya baridi na siyo ile baridi ya Mbeya, baridi ya ndani.

Kwenye monita kuna namba inakaa kwenye mabano pembeni ya presha, ndugu wengi hawaiangalii, ile ndo presha ya wastani na sisi ndo tunayoifuata. Ukitaka kuipiga mwenyewe chukua ya chini mara mbili, jumlisha na ya juu, gawa kwa tatu. Ya mzee ilikuwa 53. Tunataka angalau 65, chini ya hapo figo na ubongo vinaanza kudai.

Kipimo cha laktati, asidi inayopanda kwenye damu mwili usipofikiwa na damu ya kutosha, usiku huo hakikuwepo, vitendanishi (zile kemikali za kupimia) vimeisha, mambo ya kawaida hayo. Basi tukarudi kwenye kidole. Unabana ncha ya kidole cha mgonjwa mpaka iwe nyeupe, unashikilia sekunde kumi, unaachia unahesabu mpaka rangi irudi. Kucha za mzee nene, za njano, udongo wa viazi umejaa pembeni, huoni kitu, kwahiyo nikatumia nyama ya kidole chenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kawaida isizidi tatu. Na msione ni ushamba, mwaka 2019 kuna utafiti ulifanyika nchi za Amerika Kusini unaitwa ANDROMEDA-SHOCK, waliongoza matibabu kwa kubana kidole hivihivi wakalinganisha na kufuata laktati, na waliofuata kidole hawakufanya vibaya kuliko wenzao. Kidole hakiishiwi vitendanishi.

Sasa kwanini sepsisi, yaani maambukizi kama haya ya mkojo wa mzee yakizidi mpaka viungo vinaanza kugoma, inaangusha presha, hapa ndo watu wanachanganyikiwa, wanadhani mgonjwa "kaishiwa maji". Mimi ni mtu wa Ilula, kwetu ni nyanya, nimekua navuta mpira wa kumwagilia kabla sijajua kushika kalamu. Fikiria pampu ileile, maji yaleyale, ila mpira umelegea umetanuka kama ulioota jua miaka mitano, na juu yake umepasuka vitundu vidogovidogo njia nzima. Kule mwisho maji yanafika ya kudondoka. Ndo mishipa ya mtu mwenye septiki shoki, yaani sepsisi iliyoangusha presha, imelegea na inavuja. Ukiongeza maji kwenye tanki ni kweli kwa muda yatafika mwisho, lakini yale mengine yote yanatokea kwenye vitundu yanalowanisha njia, na kwa binadamu njia yenyewe ni mapafu, utumbo, figo. Na pampu nayo mara nyingi imeguswa, moyo wenyewe unakuwa umechoka na sumu za ugonjwa. Kwahiyo maji yanasaidia mwanzoni, alafu inafika mahali kinachotakiwa ni kukaza mpira.

Basi saa mbili na nusu damu ya kuotesha wadudu maabara imeshachukuliwa, katheta (mrija wa mkojo) imewekwa, ukatoka mkojo mzito rangi ya chai iliyochacha na harufu yake sitaielezea, antibiotiki ya seftriaksoni ikaingia hapohapo. Hii naisema kwa msisitizo maana ndugu wakiona dripu wanadhani ndo tiba, jamani maji hayaui wadudu! Dripu inanunua muda tu, dawa ya wadudu na kufungua mkojo uliobana ndo tiba.

Chupa ya kwanza ya Ringa tumeikimbiza kama nusu saa. Presha 82. Nikasikiliza mapafu nyuma chini, safi. Ya pili, 85, safi, kidole sekunde tano. Ya tatu, 88 kwa 46, wastani 60, nikampandisha miguu juu kidogo ili damu ya miguuni irudi kwenye moyo, nione kama maji zaidi yangesaidia, presha haikushtuka kabisa. Nikaweka stetoskopu mgongoni, nikasikia ile sauti, kama unavyosugua nywele karibu na sikio, chirichiri, kulia chini. Anahema 32. Oksijeni imetoka 94 imekuja 91.

Hapo ndo pa kusimama. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi unataja mililita 30 kwa kila kilo ndani ya masaa matatu ya mwanzo, kwa mzee wa kilo 60 ni mililita 1,800, sisi tulikuwa 1,500. Kuna mtu angesema bado chupa moja ndogo ijae hesabu. Ila hata huo mwongozo wenyewe ulipotoka upya 2021 waliishusha hiyo namba kutoka pendekezo zito mpaka pendekezo dhaifu, yaani anza hapo lakini macho yasitoke kwa mgonjwa. Daktari wa zamu, binti mdogo tu ila ana utulivu, akasema sista tufunge, tuanze noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa. Tuna siringi pampu moja, mashine ya kusukuma dawa polepole, inayofanya kazi usiku huo, tukampa mzee, kwenye kanula (kimrija cha mshipani) kubwa ya karibu na kiwiko, na mimi kila nusu saa naenda kupapasa pale ngozi isije ikavimba au kupauka, maana ile dawa ikitoka nje ya mshipa inakaanga nyama. Zamani tulikuwa tunaambiwa bila mrija wa shingoni usithubutu, wagonjwa wakawa wanasubiri mrija huku wanamiminiwa maji. Saivi inaruhusiwa kuanzia mkononi kwa muda, mradi kuna mtu anaangalia.

Kwahiyo saa nne dripu iliisha, na ndo hiyo kijana aliyoiona kwenye kioo.

Nimesema kuna kipindi nilikuwa upande wake. Miaka ya mwanzo kazini, hospitali nyingine sitaitaja, nilikuwa na dada mmoja umri kama wangu, nimonia kali, presha 80. Mimi na daktari wa interni, aliye bado mafunzoni, tulikuwa tumetoka kusoma, kichwa kimejaa. Kulikuwa na utafiti maarufu wa mwaka 2001 wa Detroit Marekani, Rivers na wenzake, wagonjwa 263, wale waliokimbiziwa matibabu kwa malengo walipata karibu lita 5 ndani ya masaa sita na vifo vikashuka kutoka 46.5 mpaka 30.5 kwa mia. Ukisoma hiyo ukiwa kijana unatoka unatafuta mtu wa kumtundikia. Ila wale wa Detroit walikuwa wanaangaliwa na mitambo kila dakika, wengi wao wakizidiwa kuna mashine ya kupumulia inasubiri. Sisi tulikuwa na mimi, interni, na wagonjwa thelathini na kitu. Tukamwekea chupa baada ya chupa, presha ikafika 95, tukapeana tano kabisa. Sikumsikiliza mapafu hata mara moja usiku ule, naandika hapa ukweli wangu. Saa kumi alfajiri akaanza kukohoa, amekaa kitako anang'ang'ania ukingo wa kitanda, povu la pinki mdomoni, ananiangalia. Alifariki kabla jua halijatoka. Nimonia ile ilikuwa mbaya, pengine angekufa tu, watu wazima kazini waliniambia hivyo na mimi nikaitikia. Nilihesabu chupa tupu kwenye ndoo ya taka, zilikuwa tisa.

Baada ya hapo ndo nikaanza kufuatilia, na nilichokuta kilinishangaza kwasababu majibu makubwa kabisa hayakutoka Ulaya, yametoka huku kwetu. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa FEAST, watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania hapahapa, Muheza kule Tanga. Watoto wana homa kali na damu haizunguki vizuri, wengine wakakimbiziwa maji haraka, ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), wengine hawakukimbiziwa wakapewa ya kawaida ya polepole. Kila mtu alitegemea waliokimbiziwa watapona zaidi. Ndani ya masaa 48 waliokimbiziwa walifariki kama 10.5 kwa kila mia, wasiokimbiziwa 7.3. Ilibidi utafiti usimamishwe kabla ya muda. Na wala siyo mapafu tu kama nilivyodhani mimi, walipochambua vifo baadaye walikuta kilichozidi zaidi ni mzunguko wa damu wenyewe kuporomoka.

Watu wazima je? Hapo nenda Lusaka, basi la kutoka Tunduma tu. Utafiti wa Andrews na wenzake, 2017, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, karibu tisa kati ya kumi wana VVU. Kundi lililofuata mpango wa haraka walipata kama lita 3.5 kwa masaa sita, kundi lingine kama lita 2. Vifo hospitalini: 48 kwa mia kwa waliopewa nyingi, 33 kwa waliopewa chache. Nilisoma hiyo namba mara tatu. Ni wagonjwa walewale wanaolala wodini kwetu, wembamba, damu pungufu, VVU, na nafasi ICU ya kuwapeleka mara nyingi hamna.

Ila sasa msije mkanielewa vibaya mkaanza kuchomoa dripu za watu! Wenzetu matajiri nao wamepima kwa tafiti mbili, CLASSIC ya Ulaya 2022 watu 1,554 na CLOVERS ya Marekani 2023 watu 1,563, maji machache dhidi ya maji ya kawaida, vifo vikatoka sawasawa tu, kwa kila mia ni 42 kwa 42 huko Ulaya na 14 kwa 15 Marekani. Lakini hao wote walishapata chupa za mwanzo kabla hawajagawanywa, na ukizidisha kwao kuna mashine ya kukubeba, kwahiyo kosa lao lina mto wa kuangukia. La kwetu linaangukia sakafuni.

Na kuhusu maji gani, nitapita haraka maana wodini tunabishana hili mpaka chai inapoa. Ile ya chumvi ya kawaida ina kloraidi 154 wakati damu yetu ipo karibu na 100, ukimwagia mtu lita nyingi asidi inapanda, kwahiyo Ringa ndo inapendekezwa kwanza. Wale wanaoogopa Ringa kwasababu ina laktati "itaongeza laktati ya mgonjwa" waache, ini linaitumia hiyo. Na zile za wanga zilishatolewa kwenye sepsisi, zilionekana zinaharibu figo. Ile dripu ya njano ya vitamini mnayolipia mtaani mkichoka... haya tuiache.

Turudi mlangoni. Kijana bado kasimama na mfuko wake. Nikamwambia kaka njoo, nikamvalisha gauni nikampeleka mpaka kitandani, nikampa stetoskopu masikioni, nikamwekea mgongoni kwa baba yake, juu kwanza, alafu chini. Akakunja uso.

"Huku chini kuna kitu kinachemka."

"Ndo maji tuliyompa. Yameanza kukaa pasipotakiwa."

Kimya. Nikaanza hadithi yangu ya mpira wa nyanya wa Ilula, sijafika kwenye vitundu akanikatisha.

"Ni kama viazi vya bondeni, sista. Mwaka juzi mvua ilituama, majani yakanyauka, jirani akaniambia vina kiu. Nikachimba. Vimeoza vyote."

Nikakosa la kuongeza. Tukabaki tunaangalia monita wote wawili, imeandika 92, kwenye mabano 63. Akaniuliza hiyo ya kwenye mabano ni nini, nikamfundisha hesabu, mara mbili, jumlisha, gawa kwa tatu. Akawa anaipiga kwa vidole kila presha ikisoma. Mfuko wake niliuweka chini ya dawati, nikaandika jina la mzee kwa peni ya alama.

Saa kumi na moja alfajiri presha 96 kwa 52, wastani 67 (yeye ndo kanitajia kabla sijaangalia), kidole sekunde tatu, mkojo saa hiyo mililita 35 na kwa kilo zake tulikuwa tunaomba 30. Mapafu chini bado yanachirizika kidogo lakini oksijeni imerudi 95. Mzee akafungua macho, akamwangalia kijana wake, akamuuliza kwa sauti ya kukwaruza, ng'ombe kashalishwa? Hakumwita kaka yake marehemu tena, alimwita mwanae kwa jina lake. Yule kijana akatoka nje haraka, gambuti zinagonga sakafu, nikamwacha.

Siku ya tatu tukaachisha noradrenalini, ya tano mzee kashushwa wodi ya kawaida na katheta yake anasubiri daktari wa mkojo. Kijana akaja kuaga. Nikatoa mfuko wake chini ya dawati, akakataa, akasema sista kaa nazo, atatokea mwenye shida.

Akatokea wala wiki haijaisha. Binti wa sekondari kaletwa kutoka bweni, kaharisha na kutapika siku mbili mfululizo, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta inabaki imesimama, presha mashine inatafuta haioni. Huyo ni mtu mwingine kabisa, huyo mpira wake mzima, tanki ndo kavu, na watoto wa kuharisha hawakuwemo hata kwenye ule utafiti wa FEAST. Dripu yenyewe kwanza ilizaliwa kwa ajili ya watu kama yeye, daktari Latta kule Leith, Scotland, mwaka 1832 akimwekea mgonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi kwenye mshipa. Basi kanula mbili, mikono yote, tunakamua chupa kwa mikono ziingie haraka, zile mbili za kijana wa Umalila zikawa za tano na za sita.

Mama yake kasimama kwenye kioo. Nilipotoka tu kufuata nyingine akanishika mkono.

"Sista, hizo dripu zote jamani, hazitamzidi mwanangu?"